Katiba ya Nyumba ya Kampemba

Baba alikufa nikiwa Mokambo, kwenye mpaka na Zambia, nikibishana na dereva juu ya nafasi ya marobota yangu ya nguo. Sishangai. Karibu kila jambo kubwa la familia yetu limenikuta njiani. Tangu nilipomaliza sekondari sijakaa mahali pamoja msimu mzima. Nilifuata nguo Mokambo, nikafuata samaki wakavu Pweto, na katikati nilifanya safari nyingine ambazo hata biashara haikuzidai. Nilikwenda tu kwa sababu gari lilikuwa linaondoka na mimi nilikuwa nimesimama karibu nalo.

Lakini mtu wa kuzurura naye lazima awe na mahali pa kuondokea. Mimi nilikuwa na nyumba ya baba katika mtaa wa Kampemba: vyumba vitatu na sebule, bati lililogeuka rangi ya udongo, na kibaraza cha mbele ambako dada yangu aliweka cherehani yake. Mwaka mzima ningeweza kulala humo majuma machache tu, na bado nikiwa ng'ambo ya ziwa Mweru, nikiulizwa ninaishi wapi, nilitaja avenyi yake, yaani barabara yake, bila kufikiri.

Niieleze familia ili mambo yafuatayo yaeleweke. Baba alioa mara mbili. Mke wa kwanza alimzalia watoto sita, wanaume wawili na wanawake wanne, kisha akafa. Baba alikaa bila mke miaka kadhaa, halafu akamwoa mama yangu kanisani, nikazaliwa mimi na baada yangu dada yangu. Mama naye alitangulia. Tukabaki watu wanane wa matumbo mawili, sita upande ule na wawili upande huu. Utotoni hatukuhesabu hivyo. Tulikula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja, na aliyechelewa kunawa mikono alikuta mboga ya lengalenga peke yake.

Dada yangu ndiye aliyebaki na baba. Ndoa yake haikudumu, akarudi nyumbani na cherehani, na miguu ya baba ilipokataa kumbeba, yeye alimwogesha, akamlisha, akasali naye rozari jioni. Wateja wake wote waliijua njia ya kibaraza kile. Hakuwa na mahali pengine duniani, na hakuwahi kutafuta.

Matanga yalipokwisha, tuliitana kuzungumza. Kwetu wajukuu wana ruhusa ya kumtania babu hata akiwa marehemu, na siku ile waliitumia yote. Mmoja, mwanaume mzima mwenye ndevu, alivaa koti la baba na kofia yake, akawa anakohoa kama yeye na kuwaamuru wajomba wavue viatu. Wengine walilala mlangoni tusiingie.

"Hamupite!" walipiga kelele. "Mulikula kuku ya babu, mulikula na mbuzi yake, sasa munakuya kula na nyumba? Lete kasha ya soda kwanza!"

Kaka yetu mkubwa alituma soda iletwe, wakatufungulia njia. Hata dada yangu alicheka. Nadhani ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka mwezi ule, kwa sababu tulipoketi tu, kaka wa pili alisema jambo alilokuja nalo.

Kwetu kila aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke, unamwita yaya. Kwa hiyo niseme yaya mkubwa na yaya wa pili. Yaya mkubwa alikuwa amestaafu kazi ya reli, mtu wa maneno machache. Yaya wa pili ana malori, na maneno yake yanakuja kwa mizigo.

"Nyumba tuuze," alisema. "Kila muntu apate yake, aende kwake. Nyumba ya bantu munane ni nyumba ya ugomvi."

Nikasema dada yetu anaishi humo.

"Atapata kwa kukodi. Hatumutupe mu barabara. Lakini tupige hesabu, mudogo wangu. Siye tuko sita. Ninyi muko babili. Sita wakisema tuuze, nani atakataa?"

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni pamoja na dada zetu wengine, maana mkutano wa familia kwetu ni wa wanaume, na wanawake husikilizia mlangoni. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Nikaanza kupiga kelele. Yaya mkubwa akainua mkono.

"Basi. Tutakutana tena Siku ya Mungu. Weye," alinielekeza kidole, "ukikuya na kelele, nitakufukuza. Ukikuya na kintu, tutasikia."

Wiki ile nilitembea sana. Nilikwenda kwa miguu hadi upande wa stesheni, nikapita chini ya mijakaranda iliyokuwa imemwaga maua yake yote barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Mimi nikitaka kufikiri lazima niwe ninaondoka mahali. Na katika kutembea kule nilimkumbuka profesa, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa sekondari, aliyetufundisha historia mwaka wa tano.

Alikuwa mtu wa kufundisha akitembea kati ya madawati, akigonga kila dawati analolipita kana kwamba anahakikisha bado ni mbao. Siku moja aliingia akakuta tunagombana juu ya nani achote maji ya kusafisha darasa. Safu ya ukutani ilikuwa na wanafunzi wengi, safu ya dirishani wachache. Wengi walikuwa wamepiga kura, na kura ikaamua kwamba maji yatachotwa na wachache mpaka mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwa safu ya dirishani.

Profesa hakukasirika. Alifurahi sana, hata tukaogopa.

"Vizuri," alisema. "Sasa mko Filadelfia. Fungeni madirisha."

Ilikuwa Oktoba, jua linachoma bati, mvua bado haijaja. Tukafunga. Akatusimulia, tukitoka jasho, jinsi majimbo kumi na matatu ya Amerika yaliyojitoa mikononi mwa Mwingereza yalivyokuwa na mkataba wa kwanza uliokuwa legelege, kila jimbo likivuta upande wake. Wajumbe wa karibu majimbo yote wakakutana Filadelfia wakati wa joto. Wakafunga madirisha, wakaweka walinzi mlangoni, wakaapishana kutotoa maneno nje, kwa sababu walijua mtu akishasikika na jirani yake akisema jambo, hawezi tena kubadili mawazo bila kuona aibu.

Majimbo makubwa yalitaka sauti kwa hesabu ya watu. Madogo yakasema, basi tumekwisha, tutamezwa. Yakataka kila jimbo liwe na sauti moja sawa na jingine. Makubwa yakasema, kwa nini wachache watushike shati? Ikafika mahali wengine walitaka kufunga mizigo warudi kwao. Mwishowe wakagawa. Baraza moja likahesabu watu, kwa hiyo jimbo kubwa likapata viti vingi. Baraza la pili likahesabu majimbo, kila moja viti viwili, liwe kubwa au dogo. Na sheria yoyote isipite mpaka mabaraza yote mawili yaikubali. Juu yao rais, ambaye anaweza kuikataa sheria akairudisha na sababu zake, lakini theluthi mbili za kila baraza wakishikilia, inapita bila yeye. Na pembeni majaji. Profesa alichora yote ubaoni kama watu wanaoshikana mikanda ili asiwepo wa kukimbia na mfuko.

"Hawakuwa malaika," alisema. "Ndiyo maana waliandika. Malaika hawahitaji katiba."

Halafu akatuacha tutafute wenyewe njia ya maji. Tuligombana mpaka kengele. Tuliyofikia ni hii: darasa lote lipige kura, lakini safu isibebeshwe kazi ambayo yenyewe haikukubali. Maji yakachotwa kwa zamu mpaka mwisho wa mwaka, na sikumbuki mtu aliyelalamika. Miaka mingi baadaye nilimtafuta profesa yule nimsalimie. Waliniambia alihamia Likasi, na huko Likasi hawakujua mtu wa namna hiyo. Namshukuru hapa, kwa kuwa sina mahali pengine.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, ilipofika, nilikwenda na kitu.

Tulifunga madirisha sisi pia, si kwa sababu ya Filadelfia. Kampemba ukuta wa jirani uko karibu kuliko mkono, na jirani yetu wa kushoto hukata mboga chini ya dirisha letu kila siku tunapokuwa na jambo. Yaya wa pili alikuwa amevua shati, amebaki na singlendi. Nikaeleza. Nikasema tuwe na mabenchi mawili. Benchi la vichwa, ambapo kila mtu ni mmoja. Na benchi la akina mama, ambapo kila tumbo ni moja, awe mama aliyezaa sita au aliyezaa wawili. Jambo la nyumba lisipite mpaka mabenchi yote mawili yakubali, na katika lile la akina mama tumbo moja likikataa, limekataa benchi zima. Nikasema sikuota, ndivyo Wamarekani walivyotengeneza nchi yao.

"Amerika?" Yaya wa pili alijipepea kwa shati lake. "Weye hata ku mupaka ya Kasumbalesa banakurudisha, sasa unatuletea Amerika?"

"Minaleta kintu moja tu, yaya."

"Kwanza Amerika iko na bantu wangapi? Siye tuko munane. Unataka kuvalisha mutoto suruali ya baba yake."

"Suruali inakatwa," alisema dada yangu kutoka kizingitini, na wanawake wakacheka.

Yaya mkubwa hakucheka. Alikuwa ameinama, viwiko magotini. "Ku reli," alisema polepole, "njia ni moja. Treni ikitoka huku, na ingine ikitoka kule, banakutana mu pori. Kwa hiyo stesheni ya huku haiachilie treni mpaka stesheni ya mbele iseme ndiyo. Hata kama stesheni ya mbele ni kibanda na muntu moja. Ule muntu moja akisema bado, siye bote tunangoya." Akainua kichwa. "Sikujua na Wamarekani banafanya vile. Ni muzuri."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kaka yangu kwa namna ya utu uzima. Kabla ya hapo nilimheshimu tu.

Tukaongeza kwamba yeye, kwa ukubwa wake, ataongoza. Anaweza kukataa uamuzi, lakini aseme sababu mbele yetu sote, na mabenchi yote mawili yakirudia uamuzi uleule, atakubali. Alifikiri kidogo, akasema, "Sawa. Lakini mukirudia, murudie kwa adabu."

Nikayaandika yote kwenye karatasi, tukadhani tumemaliza. Yaya wa pili, aliyekuwa ameona kwamba hashindi, alijifariji kwa sauti: "Haizuru. Mu benchi ya vichwa, siye tungali sita."

Wakati huo dada yetu mkubwa wa tumbo la kwanza, anayeuza maharage sokoni na ambaye sauti yake imezoea kushindana na soko zima, alikuwa ameingia na jagi la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kutujazia vikombe. Akasimama.

"Sita gani?" aliuliza. "Miye minaona banaume babili mu viti."

"Na ninyi wane," alisema yaya wa pili. "Weye uko mu ile sita."

"Niko mu ile sita? Basi kiti yangu iko wapi?"

"Yaya, usianze. Banaume njo banasema. Ni desturi."

"Ah! Kumbe mu kuhesabu niko muntu, mu kusema niko jagi ya munkoyo!"

Alilitua jagi mezani kwa nguvu, likamrushia yaya wa pili matone kifuani. Kizingiti kizima kiliangua kicheko. Lakini mimi niliweka kalamu chini, kwa sababu nilikuwa nimesikia upande wa pili wa somo lile, ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Profesa alituambia pia kwamba watu wale wa Filadelfia, walipokuja kuhesabu watu wa kila jimbo, waligombana juu ya watumwa. Wenye watumwa walitaka wahesabiwe ili wao wapate viti vingi. Wakakubaliana kuwahesabu watatu kwa kila watano. Wakahesabiwa hivyo, na hawakupewa hata sauti moja. Na wanawake wao hawakuulizwa kitu. Sisemi mambo haya yana uzito mmoja. Mtumwa ni mtumwa, na dada zangu jioni walirudi kwao na waume zao. Ila kosa lilikuwa na sura ileile, na tulikuwa tumelikaribisha wenyewe, tena tukalitolea munkoyo.

Nikasema hivyo. Yaya mkubwa aliona uzito wake, lakini hakuwa tayari. Aliogopa kwamba siku moja haiwezi kubeba mambo mawili mapya. Akasema wanaume waendelee kusema kwa sasa. Dada yetu wa sokoni akafanya jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Hakutoka nje kwa hasira.

"Sawa, yaya. Lakini andika neno moja. Andika kama ile karatasi inaweza kubadirishwa. Mabenchi yote mabili yakikubali, inabadirishwa. Andika sasa hivi, miye minaona."

Nikaandika. Hakujua kwamba na wale wa Filadelfia waliandika vivyo hivyo, wakaacha mlango ambao wengine, baada ya vita na machozi mengi, walipita. Yeye alijua tu kwamba akiuza maharage leo kwa bei mbaya, ahifadhi nafasi yake ya kesho sokoni.

Mlango huo ulitumika mapema. Msimu wa mvua ulipokaribia nilianza kujiandaa kwenda Pweto, na dada yangu akasimamisha cherehani.

"Yaya, benchi la mama yetu lina msemaji nani?"

"Mimi."

"Na weye unaenda Pweto."

"Nitarudi."

"Kwa hiyo mpaka urudi, sauti ya mama iko yulu ya lori ya samaki."

Nikaacha kufunga mizigo. Nikaenda kwa yaya mkubwa jioni ileile, na Siku ya Mungu iliyofuata tukakutana. Nilitegemea vita. Lakini yaya wa pili ndiye aliyekubali kwanza. Alikuwa amepiga hesabu yake: dada zake wanne wakipata sauti zao, zote zitaenda kwake, maana ni tumbo lake. "Muache banawake baseme," alisema kwa ukarimu mkubwa. "Miye sina shida na banawake." Tukafuta neno wanaume, tukaandika watoto wote, na msemaji wa tumbo awe yeyote wa tumbo hilo aliyepo. Yaya mkubwa akasaini, dada wa sokoni akasaini kwa herufi kubwa kuliko zake. Dada yangu alisaini mwisho, akiwa bado ana pini mdomoni.

Nikaondoka.

Barabara ya Pweto wakati wa mvua si ya kusimulia, kila aliyeipita anayo simulizi yake. Kwenda tulifika. Kurudi, lori letu lilizama kwenye tope mpaka tumbo, tukakaa hapo tukila sehemu ya mzigo wetu wenyewe. Hapakuwa na mtandao. Nilipopanda kilima kimoja na simu yangu ikaamka, ulikuwemo ujumbe mmoja wa dada yangu, uliotumwa siku nyingi zilizopita: "Mnunuzi amefika. Mkutano kesho."

Kesho yake ilikuwa imekwisha pita zamani. Nikapiga, simu haikwenda. Niliyobaki nayo ni njia yote iliyosalia ya kufikiri. Nilijua mnunuzi akiwa mtu mwenye haraka, nyumba inaweza kuondoka katika saa chache. Nilijua pia jambo ambalo sikuwahi kumwambia dada yangu. Yaya mkubwa mwenyewe alitaka kuuza. Alikuwa ameniambia, tukiwa wawili, kwamba mifupa yake imechoka na mji. Alitamani kurudi kaskazini, kwenye asili ya baba, ajenge kanyumba kadogo, na fungu lake la nyumba ndilo lingemjengea. Watu sita, wawili kati yao wenye nguvu, mnunuzi mlangoni, na upande wetu mwanamke mmoja na cherehani. Karatasi ni karatasi. Nchi yetu tumeona karatasi nyingi.

Nilishuka Kampemba mchana, nguo zikinuka ziwa zima, na nikiwa bado kona ya avenyi nikasikia cherehani. Nilisimama nikaisikiliza. Nafikiri nilisimama muda mrefu, maana mama mmoja aliyekuwa anauza makaa aliniuliza kama ninaumwa.

Aliyenisimulia ni dada wa sokoni, aliyekuwa kwenye kibaraza amekuja kushonewa blauzi. Alisimulia akiwa amenyoosha mikono, anapimwa.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Kivu, mtu wa heshima, anatafuta mahali pa depo ya bidhaa zake. Alikaa uani akinywa soda wakati familia inapiga kura ndani. Kwenye benchi la vichwa, wawili kati ya dada zetu wa tumbo la kwanza walikataa kuuza, yeye wa sokoni akiwa mmojawapo. Yaya wa pili karibu aanguke kwenye kiti.

"Weye? Tumbo moja na miye?"

"Tumbo moja, kichwa bibili," alimjibu.

Hata hivyo waliotaka kuuza walizidi kwa mtu mmoja. Yaya mkubwa alikuwa miongoni mwao. Benchi la kwanza likapita. Kwenye benchi la akina mama, tumbo la kwanza likasema ndiyo. Yaya mkubwa akamgeukia dada yangu, akamwita kwa cheo ambacho hakuwahi kumwita nacho.

"Musemaji wa mama mudogo. Unasema nini?"

Dada wa sokoni alisema dada yangu alisimama, akashika kiti. Akasema: "Mama mudogo anasema hapana."

Yaya wa pili aliruka. Alisema mimi sipo, kwa hiyo benchi lina nusu. Alisema karatasi ile ilikuwa mchezo wa watu wenye joto, nani amewahi kuona nyumba ya watu wanane inashikwa na mwanamke mmoja. Alimwambia yaya mkubwa, "Na weye ulitaka! Kanyumba yako ya kaskazini unaiacha?" Kila mtu alimtazama yaya mkubwa, maana hilo hawakulijua.

"Ninataka," alisema yaya mkubwa. "Lakini tulisema bote."

Akatoka uani kwa miguu yake mibovu, akamwambia mnunuzi nyumba haiuzwi. Mnunuzi alimaliza soda yake. Alisema ni afadhali aambiwe hapana kabla ya kulipa, kwa sababu mahali pengine aliuziwa nyumba na familia nzima ikicheka, na kesho yake akatokea shangazi na panga. Akawatakia amani, akaenda.

"Njo ile," alimaliza dada wa sokoni, akashusha mikono. "Na hii mukono usinibane, weye fundi, miye ninabeba magunia."

Yaya wa pili hakuja nyumbani kwa muda. Aliporudi, alirudi na lori lake na matofali yaliyobaki kwenye kazi fulani, akayashusha uani bila salamu, akasema ukuta wa nyuma unaanguka na yeye hataki mali yake ianguke. Nilimsaidia kupanga. Hatukuzungumza juu ya mkutano. Alinikosoa jinsi ninavyoshika tofali, na nilifurahi kukosolewa.

Lakini siku ile ya kurudi kwangu, kabla sijaoga, nilikwenda kwa yaya mkubwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akimenya karanga kwenye sinia. Nilipiga magoti kidogo kama tunavyomsalimia mkubwa, nikamwambia asante. Nilitaka kusema mengi zaidi. Nilikuwa nimeyapanga njiani, juu ya watu wanaoweza kuvunja jambo na hawalivunji, lakini mbele yake yalionekana makubwa kuliko lazima.

"Asante ya nini?" aliniuliza.

"Ya kumuuliza dada yangu. Na ya kumusikia."

"Usinishukuru miye. Nilitaka kuuza, na ningali ninataka. Mwaka unaokuya, nikiwa na uhai, nitaita mukutano, nitauliza tena."

"Na atakataa tena, yaya."

"Basi nitaleta maneno mazuri kuliko yale. Kumushinda dada yako kunaomba maneno." Alicheka, akanisogezea sinia. "Kaa. Menya na weye. Harufu yako ni ya kufukuza bachawi, lakini kaa."

Nikakaa. Mimi ambaye sikai. Tukamenya karanga mpaka jua likapungua ukali, akiniuliza habari za Pweto, za ziwa, za bei, za tope, na za mahali ambapo mtu mzee akishuka njiani kuelekea kaskazini anaweza kupata nyumba ya kulala. Nikamjibu kila swali kwa uangalifu, kwa sababu nilijua ni mambo anayotaka kweli, na kwamba ameyaweka pembeni kwa hiari yake ili dada yangu aendelee kushona.